Uliza Mama Bodi: Nimefundisha mabosi miaka 17, na mimi lini nitakaa mezani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kabla sijaingia mambo ya bodi za wakurugenzi nilikuwa mkufunzi wa viongozi, yule mama wa semina mwenye flipu chati na maka peni za rangi nne, basi wasapu ya jarida haijapumzika tangu siku hiyo. Kumbe tuko wengi. Nimechagua barua tano, nyingine zinafanana mno mtanisamehe, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nimefanya kazi ya kuendeleza viongozi miaka 17, kumi benki na saba kama mshauri binafsi. Mameneja niliowafundisha leo ni watendaji wakuu, wengine wako kwenye bodi mbili tatu, mimi bado naitwa kuwavutisha kamba kwenye semina Bagamoyo. Nataka bodi na mimi. Naambiwa bila koneksheni nisijisumbue. Nianzie wapi?
Mkufunzi aliyechoka, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya Bagamoyo imenichekesha halafu ikaniuma, maana na mimi nimevutisha sana kamba wakurugenzi wa fedha pale ufukweni, jioni wanapewa cheti, Jumatatu wanarudi ofisini kukata bajeti ya mafunzo.

Ngoja nikwambie njia yangu, siyo kwamba ni nzuri ila ndo ninayoijua. Nilisoma IDM Mzumbe, enzi hizo haijawa chuo kikuu, hiyo ilikuja 2001, nikaajiriwa idara ya mafunzo ya shirika moja la umma. Miaka ya 90 ubinafsishaji ukapita, na wenye mali wapya wakiingia cha kwanza kufagiwa unakijua, ni idara ya mafunzo. Nikahangaika weee, nikapata kampuni binafsi, nikafundisha mameneja miaka ishirini na kitu. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa ya shule ya sekondari, malipo soda na maandazi mawili. Ya pili SACCOS ya wafanyakazi wenzangu. Kutoka kwenye yale maandazi mpaka bodi ya kwanza iliyonilipa ada ya maana ilipita miaka tisa. Tisa. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kozi ya siku tatu kwamba ukitoka hapo kampuni zitakupigia, mwache aende na hela za wengine.

Sasa koneksheni. Ipo, sitakudanganya, lakini watu wa semina tunaielewa vibaya. Sisi tunajuana na watu kuliko mtu yeyote mjini, mimi nilikuwa na namba za watendaji wakuu karibu thelathini kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifikiria kwa bodi. Nilikaa nikajiuliza kwa nini, nikagundua wananijua kwa ucheshi. Wananijua kama mtu wa kuwachangamsha baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyewahi kuniona nikikataa jambo, nikishikilia hoja mtu mzima amenuna, nikipiga kura na kubaki na lawama. Kilichonitoa ni SACCOS, siyo Bagamoyo, maana kule nilikaa kamati ya mikopo na ilibidi nimwambie rafiki yangu wa chai ya saa nne kwamba mkopo wake umeshakuwa chechefu na mshahara utakatwa. Aliacha kuja chai. Lakini mwenzetu mmoja kwenye kile kikao alikuwa anakaa bodi nyingine kubwa, miaka miwili baadaye akanitaja jina. Hiyo nayo ni koneksheni, ila imepitia kwenye kazi.

Halafu hiyo sivii yako, najua ilivyo bila kuiona. Imejaa "nimefundisha mameneja 600", "nimeendesha warsha mikoa 14". Futa. Anayetafuta mjumbe wa bodi anataka kujua umeamua nini, bajeti ya ukubwa gani ilikuwa mikononi mwako, ni jambo gani liliharibika ukiwa unaongoza na ulifanyaje. Ukikuta huna cha kuandika hapo basi ndo jibu lako hilo, kwanza tafuta pa kuamulia. SACCOS, bodi ya shule, hospitali ya kanisa, asasi ya mtaani, chama cha taaluma yako. Huko wanalia hawana watu makini, we unataka kurukia kampuni.

Na ujue milango siyo ya aina moja. Mashirika ya umma kwa kawaida mwenyekiti anateuliwa na Rais na wajumbe na waziri husika, pale huendi na bahasha ya maombi, unafanya kazi yako ionekane basi. Kampuni za soko la hisa ni habari nyingine, wanahisa ndo wanaopiga kura kwenye mkutano mkuu. Angalia CRDB, huwa wanatangaza kabisa nafasi, na kuna viti vya kuwakilisha wanahisa wadogo wenye chini ya asilimia 1 ya hisa, watu wanajaza fomu wanachujwa wanapigiwa kura Arusha ukumbini. Ni benki, kwa hiyo hata ukishinda bado Benki Kuu ikukubali. Wengi hawajui kama hii njia ipo, wanakaa kulalamika kujuana.

Mafunzo yapo na siyo yote ni ya kupigia picha. Kuna Taasisi ya Wakurugenzi Tanzania, kuna Taasisi ya UONGOZI iliyoanzishwa 2010, na kwa akina mama kuna Female Future ya Chama cha Waajiri, ATE, wakishirikiana na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti ya Arusha. Hiyo ya mwisho asili yake Norway. Kule mwaka 2003 walipitisha sheria kwamba kampuni za hisa zilizo wazi kwa umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, ikaanza kubana kisawasawa 2008, waajiri wakaona badala ya kulia kwamba wanawake hawapo bora wawaandae, ndo programu ikazaliwa. Ninachoipendea ina somo la kazi za bodi lenyewe, siyo kujiamini kujiamini tu. Kujiamini wewe unako tayari, umesimama mbele za watu miaka 17.

SWALI: Mama mambo. Nyie wajumbe wa bodi mnalipwa shilingi ngapi? Niambie ukweli nipange maisha.
Kijana wa Arusha

JIBU: Shikamoo ingetosha lakini haya. Inategemea na bodi, kuna za soda, kuna za posho ya kikao tu, kuna zenye ada ya mwaka na posho juu. Usiniulize mimi, fungua taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoko Soko la Hisa la Dar es Salaam, ziko wazi kwenye intaneti, shuka mpaka nyuma kwenye maelezo ya mahesabu utakuta malipo ya wakurugenzi yameandikwa. Ukishaisoma mpaka huko nyuma bila kusinzia, rudi tuongee kuhusu kupanga maisha.

SWALI: Mama shikamoo, naomba unisaidie na usinicheke. Nimeteuliwa bodi ya hospitali moja ya kanisa huku Songea kwa sababu ya kazi yangu ya kulea viongozi vijana. Kikao cha kwanza nimeletewa makabrasha kurasa 180, karibu nusu ni mahesabu. Sijui hata pa kuanzia, nilitingisha kichwa wenzangu walipotingisha. Je nijiuzulu?
Mwalimu wa watu, Songea

JIBU: Marahaba mwalimu, sikucheki kabisa maana mimi nilitingisha kichwa mwaka mzima.

Nikwambie ilivyokuwa. Kampuni yenyewe siitaji jina. Nilipoingia mahesabu yalionyesha faida, mwaka uliofuata faida zaidi, mimi nikaona huku kuko salama nikawa nasubiri ajenda ya wafanyakazi nitoe hotuba zangu za utamaduni wa kazi. Kikao kimoja nilifikia mahali nikaanza kumkochi mtendaji mkuu mbele ya watu, "unajisikiaje timu yako ikikupa mrejesho kama huu", kitu kama hicho. Mwenyekiti, mzee wa watu, alinisubiri mlangoni akaniambia taratibu, "Mama, hapa hatuko darasani." Nilitamani ardhi ipasuke. Wakati huo huo kwenye meza ile ile kulikuwa na mhasibu mmoja mstaafu, haongei, kila kikao anauliza swali moja tu: hizi hela ziko wapi? Kila mtu anamwona msumbufu. Miezi sita baadaye mishahara ikachelewa.

Hela zilikuwa kwa wateja. Hiki ndo kitu ambacho mtu wa mafunzo haoni kwa sababu neno faida linamlewesha. Chukua mfano, mmeuza huduma za milioni 500, gharama zote milioni 420 na mmezilipa, mahesabu yanasema faida milioni 80 na watu wanapiga makofi. Lakini kwenye zile 500, milioni 200 ni ankara ambazo hazijalipwa. Iliyoingia kweli ni 300, iliyotoka ni 420, una shimo la milioni 120 na bado unaitwa mwenye faida. Hospitali yako wewe ndo kabisa, unahudumia wagonjwa leo, madai ya bima yanakuja kulipwa huko mbele, mengine yanakatwa.

Kwa hiyo usijiuzulu. Fanya hivi, mwombe katibu wa bodi mahesabu yaliyokaguliwa ya miaka mitatu, yaweke sambamba mezani nyumbani, chukua kalamu, na usisome vyote. Soma fedha taslimu, soma wadaiwa, yaani mnaowadai nyie, soma wadai, yaani wanaowadai nyie. Kinachopanda kila mwaka kizungushie duara. Halafu mpigie mhasibu mkuu umwombe saa moja akueleweshe yale maduara tu, watu wa fedha hawaombwagi kueleweshwa, watakupenda. Mimi nilienda mbali zaidi nikalipa kijana mmoja wa CPA, mhasibu mwenye cheti, anifundishe Jumamosi nne. Mkufunzi kukaa kitini akafundishwa, ni dawa.

Na kitu kingine, ulizia kama kamati ya ukaguzi hukutana na mkaguzi wa nje peke yao, menejimenti ikiwa imetoka nje. Kama hawafanyi, anza na hapo.

Usifikiri lakini wenye namba ndo wako salama. Enron, kampuni ya nishati ya kule Houston Marekani, ile iliyoanguka 2001 kwa udanganyifu wa mahesabu, kamati yake ya ukaguzi ilikuwa inaongozwa na Robert Jaedicke, profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Stanford. Mtu wa namba kuliko sisi wote tukijumlishwa. Na bado. Yule mzee wetu mstaafu hakuwa profesa, alikuwa king'ang'anizi.

Swali la kisheria uliloweka mwisho wa barua yako (nimelikata, lilikuwa refu): kama chombo chenu kimesajiliwa kama kampuni basi Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, inakudai uangalifu na uaminifu kwa kampuni, na hakuna mahali imeandika isipokuwa kwa mtu wa mafunzo.

SWALI: Habari za kazi mama. Nina kampuni ndogo ya mafunzo na pia ni mjumbe wa bodi ya SACCOS kubwa. Meneja mkuu ananiomba kampuni yangu iwafundishe wakuu wa vitengo vyake, anasema nani mwingine anatujua kama wewe. Hela siyo mbaya. Nimwambie mwenyekiti au ni mambo ya kawaida?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Nzuri mama. Umeshajua jibu ndo maana umeniandikia. Sheria inataka mjumbe mwenye maslahi kwenye mkataba na kampuni yake ayatamke kwenye kikao cha bodi, hicho ndo kiwango cha chini kabisa, na nyie wa ushirika mna masharti yenu yanayobana vilevile, ila mimi nakwambia hata ukitamka, usichukue. Huyo meneja kazi yako wewe ni kumsimamia, sasa anaenda kuwa anakusainia malipo.

Tena niongeze, hata bure usifundishe. Mimi nilifanya hilo, kampuni nyingine siyo ile ya juu, nikasema najitolea siku mbili, nafundisha wakuu wa idara, roho nzuri. Wewe unajua watu wakishakunywa chai ya asubuhi na mkufunzi wanavyofunguka. Siku ya pili mchana nikawa nimeshaambiwa mambo ya mtendaji mkuu matatu, mawili yalikuwa umbea na moja lilikuwa zito kweli, na wote wameniambia kwa sababu chumba cha mafunzo ni siri. Nikaketi kwenye kikao cha bodi nina siri mfukoni siwezi kuitumia wala siwezi kuisahau. Nikisema nimewasaliti wale, nikinyamaza nimeisaliti bodi. Niliishia kuomba ukaguzi wa ndani uangalie eneo lile bila kusema kwa nini, na mpaka leo sina uhakika kama ilikuwa sawa.

Kwa Enron tena, samahani nimewaganda leo, mwaka 1999 bodi ile ilikubali kuweka pembeni kanuni zake za maadili ili mkurugenzi wao wa fedha Andrew Fastow aendeshe mifuko yake binafsi iliyofanya biashara na kampuni hiyo hiyo. Waliambiwa wazi, hawakufichwa, wakapiga kura wakakubali. Kwa hiyo hiyo hoja ya "nilitamka" isikupe usingizi.

Mtajie meneja wakufunzi watatu wazuri unaowajua, wapambane kwa zabuni, na siku ya kuchagua wewe toka nje. Umepoteza hela, pole.

SWALI: Habari mama, niko Nakuru, nimekuwa HR na kocha wa viongozi miaka mingi, sasa nimeingia bodi ya shirika la serikali. Mwenyekiti ameniambia kwa mzaha kwamba "watu wa training" ni wa kuongeza idadi. Tuna Mwongozo lakini kwa vitendo naona wanaheshimu tu wahasibu na mawakili. Nifanyeje nionekane nina faida?
Kocha wa Nakuru

JIBU: Njema kabisa jirani. Kwa wasomaji wa huku, Mwongozo ni kanuni za utawala bora wa mashirika ya serikali Kenya, za 2015, na kitabu kizima kinaitwa hivyo kwa Kiswahili ingawa ndani ni Kiingereza. Sisi wa umri fulani tukisikia neno Mwongozo tunakumbuka wa TANU wa 1971, ule wafanyakazi waliushika mkononi kuwaambia mameneja waache majivuno, mpaka viwandani wakagoma nao. Haya, ni kumbukumbu tu.

Kuonekana una faida, hapo ndo penye mtego wako. Sisi tumelelewa na zile fomu za tathmini za jioni, washiriki wanazungushia nne au tano, unaenda nyumbani umefurahi. Kwenye bodi hakuna fomu. Kuna vikao utatoka hakuna anayekuangalia usoni na hicho ndo kikao ulichofanya kazi. Mimi ilinichukua muda kuacha kuchekesha.

Lakini huyo mwenyekiti amekosea pia. Kuna vitu unaviona wewe ambavyo mhasibu na wakili hawavioni. Slaidi kwa mfano. Mimi nimetengeneza slaidi zaidi ya miaka ishirini, najua mtu mwenye jambo la kuficha analipeleka ukurasa wa 31 kwa maandishi madogo halafu anaweka duara la rangi ya kijani pembeni, na najua mtu aliyeandikiwa na msaidizi wake anavyosoma. Nikiona hivyo nauliza swali moja fupi halafu nanyamaza. Mkufunzi akinyamaza sekunde kumi mtu anaongea, wewe unalijua hilo, ulikuwa unalitumia darasani ili mshiriki ajifunze, sasa litumie ili bodi ijue.

Na kubwa kuliko yote ni nani anafuata. Bodi ina kazi nyingi lakini kumchagua mtendaji mkuu, kumpima na ikibidi kumwondoa ndo yenyewe hasa, na mezani hapo mtu pekee ambaye amekaa maisha yake yote akiangalia nani anakomaa na nani anapiga kelele tu ni wewe. Omba kamati ya rasilimali watu. Omba muone mpango wa kurithishana madaraka, na usikubali ule mchoro wenye majina kwenye maboksi, wengine humo ndani hawajui hata kama wamewekwa. Omba wale walioandikwa waje wenyewe kuwasilisha kwenye bodi, mmoja kila kikao, bosi wao akiwa amekaa pembeni hasemi.

Mwezi uliopita kwenye bodi yangu moja tulimaliza ajenda saa kumi, watu wameshafunga makabrasha, nikamuuliza mtendaji mkuu, ukilazwa usiku huu Jumatatu nani anakaa hapo? Akacheka. Nikanyamaza. Akaangalia chini, akasema nitawaletea jina kikao kijacho. Nimemwambia katibu aiandike kwenye kumbukumbu, kikao ni Alhamisi hii.